Hisa za Simuni: Kabla ya Kuingia, Uliza Utatokaje

Katika soko la Ariwara, mji wa biashara wa eneo la Aru ulio karibu na mpaka wa Uganda, hakuna anayenunua dhahabu kwa kusikia. Mnunuzi huipima, huigeuza, huijaribu kwa asidi, hubishana, ndipo atoe pesa. Na pesa yenyewe hukaguliwa: noti ya dola yenye mpasuko mdogo pembeni hurudishwa hapohapo, na shilingi ya Uganda hubadilishwa kwa bei ya siku ile, si ya jana. Lakini mfanyabiashara huyohuyo akifunga duka jioni na kushika simu, anaweza kutuma dola 200 kwa namba ya mtu asiyemjua, kwa sababu kundi la WhatsApp limemwambia kwamba tangu leo yeye ni mwanahisa wa kampuni ya teknolojia.

Makundi hayo ni ya aina nyingi. Kuna yanayokusanya wanahisa wa kweli wa kampuni za kweli, watu wanaosoma ripoti, wanaotafsiriana habari na kupeana moyo bei inaposhuka. Kuna mengine ambayo hayana hisa yoyote nyuma yake, ila majina matamu na picha za magari. Ugumu ni kwamba ukiyatazama kwa nje yanafanana. Yote yana msimamizi mchangamfu, yote yana salamu za asubuhi, yote yana mtu wa kusema, “Yaya, usiuze sasa, mambo yanakuja.”

Mwongozo huu haumkatazi mtu wa Ariwara kununua hisa. Bahati ya kufaidika na hisa ipo, tena jirani kabisa. Mgodi wa Kibali, mkoani Haut-Uele, kabla ya kuwa mkubwa ulikuwa mikononi mwa kampuni ndogo ya utafutaji madini iliyoitwa Moto Goldmines. Mwaka 2009 Randgold na AngloGold Ashanti waliinunua kampuni hiyo kwa karibu nusu bilioni ya dola, na Septemba 2013 dhahabu ya kwanza ikatoka. Mtu aliyekuwa na hisa chache za Moto wakati hakuna aliyeijua alipata faida yake. Kwa hiyo tatizo haliko kwenye kubahatisha. Tatizo ni kubahatisha bila kujua mlango wa kutokea uko wapi, na nani ameshika ufunguo.

Hilo ndilo swali la kwanza, na linafaa kuulizwa kabla ya bei, kabla ya faida, kabla ya jina la kampuni: siku nikitaka kuuza, nitamuuzia nani, wapi, na pesa itanifikia kwa njia gani?

Mlango uliofungwa: wanahisa wa Manono

Kisa kinachofundisha zaidi hakikutokea Ulaya wala Amerika. Kilitokea Kongo hiihii, ingawa waliolia wengi walikuwa Australia.

Manono, mkoani Tanganyika, ulikuwa mji wa bati tangu enzi za Wabelgiji. Chini ya mashimo ya zamani wataalamu walikuta lithiamu, madini ya kutengenezea betri za simu na magari ya umeme. Kampuni ndogo ya Perth iitwayo AVZ Minerals iliingia mwaka 2017 kwa ubia na kampuni ya serikali, Cominière, kupitia kampuni ya pamoja iliyoitwa Dathcom. Uchimbaji wa majaribio ulionyesha akiba ya kiasi cha tani milioni 400 za mawe yenye lithiamu. Habari hizo ziliwavuta maelfu ya wawekezaji wadogo wa Australia: walimu, mafundi, wastaafu. Hawakuwa wamefika Kongo, lakini mtandaoni walijua jina la kila waziri wa madini wa Kinshasa, walisambaziana picha za barabara ya Manono, wakahesabu siku za kupatikana kwa kibali kana kwamba wanasubiri mtoto.

Hisa ilipanda kutoka senti chache hadi kuvuka dola moja ya Australia Aprili 2022. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Mei 2022, kampuni iliomba hisa zake zisimamishwe kuuzwa kwa muda ili itoe maelezo kuhusu mgogoro wa umiliki. Bei ya mwisho ilikuwa senti 78. Muda huo haukuisha. Kampuni ya Kichina ya Zijin ilidai kwamba ilinunua sehemu ya hisa za Cominière katika Dathcom. Ukaguzi wa fedha wa serikali ya Kongo ukakosoa uuzaji huo. Mashauri yakafunguliwa mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa. Mwaka 2023 AVZ ikapokonywa haki ya eneo, na sehemu ya kaskazini mashariki ikaenda kwa Zijin. Mei 2024, baada ya miaka miwili ya kusimama, soko la hisa la Australia liliiondoa kabisa AVZ kwenye orodha yake. Mwaka 2025 kampuni ya Kimarekani ya KoBold Metals, inayotumia akili bandia kutafuta madini na yenye pesa za matajiri kama Bill Gates, ilianza kupatana na AVZ na serikali kuhusu njia ya kutoka kwenye mgogoro.

Wanahisa hawa wa AVZ hawakutapeliwa kwa maana ya kawaida. Hisa zao zilikuwa za kweli, majina yao yalikuwa kwenye daftari, mawe ya Manono yako palepale. Walichokosa ni soko. Mtu aliyekuwa na hisa za thamani ya nyumba hakuweza kuuza hata moja ili alipe daktari. Wale waliouza nusu ya hisa zao bei ilipokuwa juu, na kutukanwa na wenzao kwa kukosa imani, ndio waliolala usingizi.

Funzo la kwanza la vitendo ni hilo: kampuni inayotegemea kibali kimoja, mgodi mmoja, mkataba mmoja au kesi moja inaweza kufungiwa mlango kwa siku moja, bila onyo. Ukiwa ndani ya kampuni ya namna hiyo, weka kiasi ambacho kikikaa miaka mitano bila kuguswa, nyumba haitatikisika. Karo ya watoto si kiasi hicho. Mtaji wa duka si kiasi hicho. Na uamue siku ya kununua, kwa maandishi, bei utakayouzia sehemu. Ukingoja kundi likushauri wakati wa kuuza, utangoja sana, maana kila mwanahisa anayeuza hushusha bei ya wale wanaobaki, na wao wanalijua hilo.

Mlango uliochorwa ukutani

Upande wa pili wa mpaka kuna kisa kibaya zaidi. OneCoin ilianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova, msomi wa Bulgaria, ambaye Juni 2016 alijaza ukumbi wa Wembley jijini London akiwaambia watu kwamba sarafu yake ya mtandaoni itaizidi Bitcoin. Uganda iliipokea kwa mikono miwili. Kampala kulikuwa na ofisi, kulikuwa na semina, kulikuwa na vijana wenye suti waliotumwa vijijini. Waandishi wa BBC waliofika magharibi mwa Uganda mwaka 2019 walimkuta kijana aliyeuza mbuzi wa familia ili akamilishe bei ya kifurushi cha chini kabisa. Benki Kuu ya Uganda ilikuwa imeshatoa onyo Februari 2017. Wengi ndani ya makundi walilisoma onyo hilo kama wivu wa mabenki.

Siri ya OneCoin ilikuwa rahisi kuliko ilivyosemwa. Sarafu za kweli za mtandaoni huandikwa kwenye daftari la pamoja ambalo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kulikagua. OneCoin haikuwa nalo. Namba ambayo mwanachama aliiona ikipanda kwenye simu yake ilipandishwa na wenye kampuni tu, kwa kuandika. Tarehe 25 Oktoba 2017 Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na hajaonekana hadharani tangu siku hiyo. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa New York mwaka 2023 kifungo cha miaka 20. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema pesa iliyokusanywa ilipita dola bilioni 4.

Mwaka 2019 Uganda ikapata nyingine, Dunamiscoins, iliyofungua ofisi Kampala na Masaka na kuahidi faida ya asilimia 30 hadi 40 kwa muda mfupi. Hiyo ilikuwa imeandikishwa kama kampuni, yenye makaratasi na mihuri. Desemba mwaka huohuo milango ilifungwa na maelfu ya watu wakabaki barabarani. Basi mtu akikuonyesha cheti cha usajili, kipokee kwa adabu, lakini ujue kinathibitisha jambo moja tu: kwamba kuna aliyelipa ada ya usajili.

Wazee wa Kongo hawahitaji mifano ya Uganda. Wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyopokea pesa za wananchi na kuzirudisha zikiwa nyingi mara kadhaa, hadi ilipoanguka mwaka 1991 na kuvuta akiba za familia nzima. Tanzania nako kulikuwa na DECI, ambako watu “walipanda mbegu” na kungoja “kuvuna”, hadi serikali ilipoizuia mwaka 2009. Zote ziliwalipa wa kwanza. Ndiyo maana ushahidi wa jirani aliyepokea pesa zake wiki iliyopita hauna uzito unaodhaniwa. Jirani hasemi uongo. Alilipwa kweli, kwa pesa ya aliyeingia baada yake.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa mkali. Katika kundi la wanahisa wa kweli, mtu mpya akiingia au asipoingia, anayemkaribisha hapati chochote. Katika kundi la uongo, kila anayeleta mtu analipwa, na aliyemleta naye analipwa, ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo muulize aliyekualika, bila hasira: “Wewe unapata ngapi mimi nikiingia?” Akijibu kwa kiasi, hukualikwa kuwa mwanahisa. Umealikwa kuwa faida yake.

Kuna dalili nyingine inayojitokeza mwishoni, wakati mtu anaomba pesa yake. Anaambiwa alipe kwanza “kodi”, au “ada ya kufungua akaunti”, au aongeze kiasi ili afike daraja la kuruhusiwa kutoa. Dalali wa kweli hukata ada yake kutoka kwenye pesa ya mauzo. Hamwombi mteja atume pesa mpya ili apewe ya zamani. Ukiombwa hivyo, ile ya zamani imeshakwenda. Usiifukuze kwa mpya.

Mlango ulio wazi, na umati unaokuzuia kupita

Kisa cha tatu ni cha kampuni inayojulikana Nairobi na Kampala. Jumia, duka la mtandaoni lililopewa jina la “Amazon ya Afrika”, liliingia soko la hisa la New York tarehe 12 Aprili 2019 kwa dola 14.50 kwa hisa. Wiki tatu baadaye hisa ilikuwa imepita dola 40. Mei hiyohiyo mchambuzi mmoja wa Marekani, Andrew Left wa Citron Research, aliiita kampuni hiyo udanganyifu, na bei ikaporomoka. Agosti kampuni ilikiri kwamba baadhi ya mawakala wake Nigeria waliandika maagizo yasiyofaa. Novemba ikafunga shughuli Tanzania. Machi 2020 hisa ilikuwa kama dola 2 na kitu. Halafu Left huyohuyo akageuka na kuisifu, umati wa wawekezaji wadogo ukarudi, na Februari 2021 ikapita dola 60. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 ilikuwa imerudi kwenye dola 3 hivi.

Mwanahisa wa Jumia angeweza kuuza siku yoyote ya kazi. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Kilichowazuia wengi ni mazungumzo. Mtu anayekaa masaa manne kwa siku na wenzake wanaoamini kitu kimoja huona kuuza kama usaliti. Kila habari mbaya hupata jina la adui, na kila ushukaji wa bei huitwa punguzo.

Dawa yake haiko mbali, ni kusoma kile kilichoandikwa na kampuni yenyewe. Waraka ambao Jumia iliutoa kabla ya kuuza hisa zake ulisema waziwazi kwamba hadi mwisho wa mwaka 2018 hasara zilizolimbikizana zilifika euro milioni 862. Haikufichwa. Ilichapishwa, ikawekwa kwenye tovuti ya mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani, bure. Mtu wa Ariwara ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni anaweza kumwomba mwalimu wa sekondari amtafutie mistari mitatu tu: kampuni imepata faida au hasara, ina pesa taslimu kiasi gani, na pesa hiyo itaisha lini kwa kasi ya hasara ya sasa. Kampuni ya teknolojia inayopoteza pesa si lazima iwe mbaya. Lakini ikiishiwa itauza hisa mpya, na fungu lako litapungua hata kama hujauza kitu.

Hata kampuni imara humtesa mwenye haraka. Safaricom ilipouza hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, na wengi walikuwa wamekopa benki ili waombe nyingi. Walipewa kidogo, wakabaki na riba. Mwaka uliofuata hisa ilikuwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa pesa yake mwenyewe alitulia, akapokea gawio kila mwaka, na mwaka 2021 aliiona ikipita shilingi 40. Aliyekopa hakuweza kungoja. Kampuni ilikuwa ileile kwa wote wawili.

Jina la nani limeandikwa?

Sehemu hii isomwe polepole, maana ndiyo inayowaumiza watu wa mpakani hata pale kampuni ni nzuri na kundi ni la waaminifu.

Kongo haina soko lake la hisa. Mtu wa Ariwara anayetaka hisa za kampuni iliyoorodheshwa atapita Uganda, Kenya, au kwa programu za simu za madalali wa ng’ambo. Njia iliyo karibu ni Uganda, kwa sababu Arua ni karibu kuliko Bunia. MTN Uganda iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2021 kwa shilingi 200 kila hisa, na watu waliweza kununua kwa simu. Airtel Uganda ikafuata mwaka 2023 kwa shilingi 100. Katika matoleo yote mawili hisa hazikuisha, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya mtu kumkimbiza mwenzake.

Tatizo liko kwenye laini ya simu. Si wachache upande wa Aru wanaotumia laini ya Uganda iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha shemeji au mteja wa Arua. Kwa kupiga simu haina neno. Kwa kununua hisa ina neno kubwa: jina linaloingia kwenye daftari la wanahisa ni la mwenye kitambulisho. Gawio ni lake. Akifa, hisa ni za warithi wake. Huwezi kwenda kwa dalali Kampala na kusema pesa ilikuwa yako. Kabla ya kununua, fungua akaunti ya hisa kwa jina lako, kwa pasipoti au kitambulisho ambacho dalali anakikubali, na hakikisha herufi za jina zinafanana kwenye kila karatasi. Jina lililoandikwa kwa Kifaransa upande mmoja na kwa Kiingereza upande mwingine linaweza kuchelewesha malipo.

Njia ya pili inayopendwa ni ndugu wa ng’ambo. Kaka aliye Kampala, Brussels au Montreal ana programu ya dalali kwenye simu yake. Wa nyumbani wanamtumia dola 100, yeye ananunua “kwa niaba yao”. Upendo upo, karatasi hakuna. Bei ikipanda kila mtu anakumbuka alituma kiasi kikubwa zaidi. Ikishuka, kaka anaitwa mwizi msibani. Andikeni ukurasa mmoja, hata kwa mkono. Uwe na jina la kampuni, idadi ya hisa za kila mtu, bei na tarehe ya kununua, ada iliyokatwa, kiwango cha kubadilishia pesa siku ile, nani ana haki ya kusema “uza”, na nani wa kulipwa mwenyewe akifariki. Watu wawili wasaini kama mashahidi, kila mmoja abaki na nakala, na kaka atume picha ya ukurasa wa akaunti kila baada ya miezi mitatu. Ndugu anayekasirika kwa kuombwa karatasi hiyo amekusaidia: amejibu mapema.

Vivyo hivyo kwa vikundi vya akiba. Pesa ya likelemba ina tarehe: mama fulani atapokea wiki hii, mwingine wiki ijayo. Hisa haina tarehe. Kikundi kinachotaka kununua hisa kianzishe mfuko mwingine, kwa mchango wa hiari, na kisiguse zamu ya mtu.

Sheria inasema nini upande wa Kongo

Kwa ufupi. Tangu mwaka 2012 Kongo imo katika sheria za biashara za OHADA, zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika. Kampuni ya aina ya SARL hairuhusiwi kuuza hisa kwa umma, wala SAS. Ni SA tu inayoweza, tena kwa masharti mazito. Kwa hiyo mtu akikuletea tangazo la “hisa” za kampuni ya Bunia au Goma, tazama herufi zinazofuata jina lake. Ukiona SARL, na tangazo linazunguka kwenye makundi ya watu mia tano, mazungumzo yameisha. Namba ya usajili wa biashara (RCCM) unaweza kuiuliza na kuithibitisha kwenye daftari la biashara linalotunzwa na karani wa mahakama. Na kampuni inayopokea pesa za watu kwa ahadi ya kuzirudisha na riba inafanya kazi ya benki. Kwa hiyo inahitaji ruhusa ya Benki Kuu ya Kongo. Upande wa Uganda, Capital Markets Authority huchapisha orodha ya madalali wenye leseni. Dalali asiyekuwemo si dalali, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi.

Tazama pia pesa inaingia wapi. Malipo ya hisa huenda kwenye akaunti ya kampuni ya udalali au ya toleo lenyewe. Hayaendi kwenye Airtel Money ya msimamizi wa kundi, hata kama ni shemasi.

Kwa aliyekwisha kuingia

Ikiwa baada ya kusoma hadi hapa tumbo limekuuma, fanya mambo haya leo. Usiongeze hata dola moja. Usimlete mtu mwingine ili “upunguze hasara”, maana hapo unatoka kwenye kuwa mwathirika na kuingia kwenye kushtakiwa. Piga picha za mazungumzo yote kabla kundi halijafutwa: namba za simu, tarehe, majina, sauti zilizotumwa. Nenda kwa wakala wa pesa za simu uombe namba za miamala. Peleka nakala polisi na kwa mwendesha mashtaka, na kama pesa ilivuka mpaka, peleka na Uganda. Kisha jiandae kwa wimbi la pili: watakapokupigia watu wanaojiita mawakili au wataalamu wa kompyuta, wakidai wanaweza kuirudisha pesa yako kwa malipo madogo ya awali, ujue mara nyingi ni walewale waliokuibia, au walionunua orodha ya majina yenu.

Ikiwa hisa zako ni za kweli lakini zimefungwa, kama zile za Manono, kazi ni nyingine kabisa, nayo ni ya subira. Hakikisha anwani, simu na barua pepe yako viko sahihi kwa mtunza daftari. Piga kura kwenye mikutano, hata kwa mtandao. Usiuze kwa mtu binafsi anayekutolea senti kumi nje ya soko kabla hujamuuliza mwanasheria, kwa sababu anayekuja kununua hisa zilizofungwa pengine anajua jambo ambalo wewe hujaambiwa.

Na wewe msimamizi wa kundi, kama kundi lako ni la haki, wiki hii bandika juu kabisa ya kundi jina la dalali na namba ya leseni yake, ripoti ya mwisho ya hesabu hata kama ni ya hasara, na maelezo ya jinsi mtu anavyouza. Mwanachama akiuliza jambo baya kuhusu kampuni, usimtoe. Mwache aulize mbele ya wote, kisha mjibu kwa karatasi.